Sumaku na Sonona Sugu: Hotuba kwa Familia za Wagonjwa, Mwanza

Ndugu wazazi, walezi na wauguzi wenzangu, wazee wetu wa Ilemela na Nyamagana, na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe: shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie matibabu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, kwa sumaku, na ombi hilo lina sababu yake. Siku hizi haipiti wiki kliniki bila familia moja kunionyesha video kwenye simu: mgonjwa ameegemea kiti, kifaa kimewekwa upande wa kushoto wa kichwa chake, na msemaji anaeleza kwamba watu walioteseka kwa miaka wamerudi kazini. Baada ya video hufuata swali, nalo huja kwa sauti ya chini: daktari, hii tunaipata wapi, na tuuze nini?

Jibu langu nalitoa mapema kwa ajili ya asiyeweza kukaa hadi mwisho. Matibabu hayo ni ya kweli, yana ushahidi, na wapo wagonjwa wanaostahili kuyasafiria. Lakini wengi wa wanaoniulizia bado hawajafika mahali pa kuyahitaji, kwa kuwa matibabu yaliyopo hapa hapa Mwanza hawajayapata kwa ukamilifu. Kwa hiyo anayeitafuta sumaku aanze kwa kuyachunguza matibabu ambayo mgonjwa wake amekwisha kuyapata, kabla ya kuulizia nauli.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayosogezwa karibu na waya huzalisha umeme ndani ya waya huo bila kuugusa. Sumaku ikitulia, umeme nao hukoma. Ubongo wetu hupelekeana habari kwa umeme mdogo unaopita katika seli za neva, na hivyo, mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walitumia kanuni hiyo hiyo kwa binadamu: waliweka koili ya waya juu ya fuvu la mtu aliye macho, wakapitisha umeme ndani ya koili, na mkono wake ukatikisika bila yeye kuuamuru. Koili inayotumika leo mara nyingi ina umbo la tarakimu 8. Umeme mkali hupita humo kwa muda usiofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde, na nguvu ya sumaku inayopanda na kushuka kwa kasi hiyo, ambayo kwa kipimo inakaribiana na ile ya MRI, mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hupenya ngozi na mfupa bila kuvidhuru, ikazalisha umeme mdogo katika tabaka la juu la ubongo, kina cha sentimita 2 hadi 3 hivi. Kwa sonona hulengwa sehemu ya mbele upande wa kushoto, nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga, kuamua na kuzitawala hisia, na ambayo kwa wagonjwa wengi huonekana kufanya kazi chini ya kiwango chake.

Hapa niweke jambo pembeni kidogo, kwa sababu najua yanayouzwa mjini. Bangili za sumaku, soli za sumaku na mikeka ya sumaku, hata zikiwa na cheti kilichochapwa kwa rangi ya dhahabu, zina sumaku iliyotulia, na sumaku iliyotulia haizalishi umeme wowote katika ubongo. Muuzaji anayekuambia kwamba bangili yake inafanya kazi ile ile ya mashine ya hospitali ama hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Siku ya kwanza ya matibabu ya kweli inafaa muielewe kwa undani, maana ndiyo itakayowasaidia kutambua kliniki ya uongo. Mgonjwa huingia akiwa amekula, yuko macho, hachomwi sindano wala hapewi dawa ya usingizi. Huvua hereni na pini za nywele, na huwekewa viziba masikio kwa sababu kila pigo la koili lina mlio mkali. Daktari haanzi tiba papo hapo. Kwanza huisogeza koili juu ya eneo la ubongo linaloongoza mkono wa kulia, akiongeza nguvu kidogo kidogo, hadi kidole gumba cha mgonjwa kiruke chenyewe. Kiwango kile cha chini kabisa kinachokirusha kidole ndicho kizingiti cha mgonjwa huyo, na hutofautiana kati ya mtu na mtu. Baada ya hapo koili husogezwa mbele, na kwa kawaida nguvu huwekwa kwenye 120% ya kizingiti hicho. Utaratibu uliozoeleka ni mapigo 10 kwa sekunde, kwa sekunde 4, kisha mapumziko ya sekunde 26, hivyo hivyo hadi yatimie mapigo 3,000, kazi ya dakika 37 na nusu, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Waliopitia husema ni kama kigogota anayedonoa gome la mti, ila mti wenyewe ni kichwa chako. Wengi huumwa kichwa au ngozi ya kichwa katika wiki ya kwanza, na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha. Hatari kubwa ni kushikwa na kifafa wakati wa tiba, jambo lisilompata hata mgonjwa 1 kati ya 1,000, lakini lipo, na ndiyo maana mwenye kifafa, aliyepata degedege utotoni, anayekunywa pombe kila siku, au mwenye chuma au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya kichwa, lazima aseme kabla hajaketi kwenye kile kiti.

Je, inasaidia kwa kiasi gani? Nitawapa hesabu mbili zisizofanana. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliogharimiwa na serikali, wenye wagonjwa 190 waliokuwa hawatumii dawa za sonona: kati ya waliopigwa sumaku ya kweli, takriban 14% waliondokewa na dalili, na kati ya waliopigwa ya kuigiza, takriban 5%. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya wagonjwa 307 wa kliniki za kawaida huko huko Marekani, na kwa tathmini ya madaktari wao 58% walipata nafuu kubwa na 37% wakaondokewa na dalili kabisa. Wauzaji wa matibabu hunukuu hesabu ya pili. Mimi nawaomba mzishike zote mbili, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa na kundi la kulinganisha na ya pili haikuwa nalo, na kwa kuwa katika kliniki mgonjwa huendelea na dawa zake, hukutana na watu wale wale kila siku, hutoka kitandani kila asubuhi, na mambo hayo nayo ni tiba. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliruhusu matibabu haya kwa sonona mwaka 2008, na Uingereza ikatoa mwongozo wa kuyakubali mwaka 2015. Kwa hiyo anayewaambia ni utapeli mtupu amekosea, na anayewaahidi kwamba mgonjwa atapona kwa hakika amekosea zaidi. Pia wapo wanaopata nafuu na kurudiwa ndani ya mwaka, wakahitaji kurudia tiba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta mbele yenu. Sonona huitwa sugu pale ambapo mgonjwa ametumia dawa mbili tofauti za sonona, kila moja kwa dozi kamili na kwa muda wa kutosha, yaani kama wiki 6 hadi 8, akizinywa kweli, na bado hali haijabadilika. Masharti hayo yanasomeka haraka, lakini katika maisha ya watu wetu mara nyingi hayatimii.

Nitawasomea madaftari ya zahanati ya mgonjwa mmoja, kwa ruhusa yake, nikificha yanayomtambulisha. Ni mama anayeanika dagaa huku ufukweni kwetu. Kaka zake walikuwa wameshapata mnunuzi wa injini ya mtumbwi ili wampeleke India. Ukurasa wa kwanza: amitriptilini miligramu 25 usiku, siku 14. Mwaka uliofuata, zahanati nyingine, dawa ile ile, dozi ile ile, siku 14. Baadaye fluoksetini miligramu 20, mwezi mmoja, na chini yake kwa mwandiko wa mtu mwingine: dawa imeisha, arudi wiki ijayo. Hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba alirudi, na nauli ya kurudi najua ilikuwa ni pesa ya unga. Kwa hesabu ya familia, dawa zilikuwa zimeshindwa mara tatu. Kwa hesabu ya kitabibu, hakuna dawa hata moja iliyokuwa imejaribiwa. Amitriptilini ya miligramu 25 ni dozi ya kumletea mtu usingizi au kutuliza maumivu ya neva. Kwa sonona, mtu mzima hupandishwa taratibu hadi 75, na mara nyingi hadi 100 au 150. Narudia, hupandishwa na daktari, si na shemeji, kwa kuwa dawa hii ikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo na kuua, na kwa sababu hiyo huwa nawaomba ndugu waitunze wao na kumpa mgonjwa kidonge cha siku.

Mama huyo alipandishiwa dozi, na baada ya wiki kadhaa akarudi kwenye vichanja vyake vya dagaa. Sisemi kwamba amepona. Usingizi wake bado haujatulia, na huzuni humzidia miezi ya mvua, wakati dagaa haikauki na mapato yanapungua. Lakini injini ile bado iko ziwani inafanya kazi.

Wapo wengine ambao dawa hazikuwafaa hata baada ya kutumiwa ipasavyo, na hao si wachache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake mwaka 2006, ulioanza na wagonjwa takriban 4,000, ulionyesha kwamba dawa ya kwanza iliondoa dalili kwa karibu theluthi moja tu yao, na kwamba kati ya waliofika hatua ya tatu au ya nne, yaani matibabu mengine baada ya yaliyotangulia kushindwa, walioondokewa na dalili katika kila hatua walikuwa kama 13 au 14 kwa kila 100. Ndiyo maana kitu kisichofanana na kidonge, kama sumaku, kinatafutwa duniani kote. Kuna mwalimu kutoka visiwani ambaye nimemtibu kwa dawa nne, mbili kati ya hizo zikiambatana na lithiamu, dawa ya kuziongezea nguvu, na ambaye mimi mwenyewe nilimshauri asafiri. Alirudi akiwa na nafuu ya nusu hivi: anafundisha, anacheka na wanawe, na bado anakunywa dawa kila usiku. Yeye anasema safari ilistahili, na mkewe, aliyeachiwa madeni, anakubali lakini huchukua muda kidogo kabla ya kukubali.

Kabla mgonjwa hajaitwa sugu, kuna mambo ya mwili ya kuangaliwa, na kanda yetu inayo mengi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu humfanya mtu awe mzito, mwenye baridi na asiye na hamu, na hakuna dawa ya sonona itakayoitibu. Upungufu wa damu, ambao hapa ziwani huletwa pia na kichocho na minyoo, humchosha mtu hadi akaonekana amekata tamaa. Efavirenzi, iliyokuwa dawa ya kawaida ya virusi vya UKIMWI kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake, iliwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya na huzuni nzito. Gongo nayo tusiifiche. Na yupo mgonjwa ambaye, ukimuuliza mama yake vizuri, aliwahi kuwa na wiki kadhaa za kutolala, kusema sana, kugawa mali na kujiona anaweza kila kitu. Huyo ana ugonjwa mwingine, wenye matibabu mengine, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumtibua.

Yapo pia matibabu mengine ambayo familia huyaruka kwa hofu au kwa kuyadharau. La kuogopwa ni tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Siku hizi, inapofanywa inavyopaswa, mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi na misuli yake hulegezwa, na kwa sonona kali kabisa, ya mtu aliyeacha kula, anayesikia sauti za kumlaumu au aliyekaa kimya bila kujongea, ina nguvu kuliko sumaku. Inaweza kuvuruga kumbukumbu, hasa za siku za karibu na matibabu, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa hivyo. Lakini kumpitisha mtu wa namna hiyo katika wiki 6 za sumaku kwa sababu neno umeme linatisha ni kumchelewesha. Na anayesema waziwazi kwamba anataka kujiua hasubiri mashine yoyote. Aletwe hospitali leo, na asiachwe peke yake njiani.

Lenye kudharauliwa ni mazungumzo. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliunda vikundi vya wanakijiji wenye sonona katika vijiji 15, huku vijiji vingine 15 vikiwa vya kulinganisha. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa 6.5%, na katika vijiji vya kulinganisha 54.7%. Hawakuwa wagonjwa sugu, kwa hiyo nisichanganye mambo. Ila wengi wa wanaoniulizia sumaku hawajawahi kuketi na mshauri hata mara moja.

Kwa yule ambaye, baada ya yote hayo, sumaku ndiyo hatua yake inayofuata, mambo ya safari ni haya. Matibabu haya yapo India, Afrika Kusini, Misri na kwingineko, na bei ya mapigo ya sumaku ni sehemu tu ya gharama. Mgonjwa anahitaji chumba karibu na hospitali kwa wiki 4 hadi 6, chakula, na ndugu wa kukaa naye, kwa kuwa mtu mwenye sonona kali hawezi kuachwa peke yake katika mji wa ugenini. Kabla ya kutuma hata shilingi ya kwanza, andikieni kliniki na kuuliza: ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili anayesimamia? Mtapima kizingiti cha mgonjwa, na mtakipima upya akibadilishiwa dawa? Mapigo mangapi kwa siku, siku ngapi? Kifafa kikitokea, nani yuko chumbani na ana nini mkononi? Kliniki ya kweli itajibu kwa sentensi zinazoeleweka, nayo itawauliza ninyi maswali mengi zaidi kuhusu dawa ambazo mgonjwa ametumia. Ikiwa jibu la kwanza ni namba ya akaunti, tafuteni kwingine.

Mgonjwa ajaze pia fomu ya maswali 9 ya kupima ukali wa sonona, iitwayo PHQ-9, yenye alama 0 hadi 27, kabla ya kuondoka, kila wiki akiwa huko, na akirudi. Bila namba hizo, familia iliyotumia mali nyingi huona nafuu hata pasipo na nafuu, na wakati mwingine mgonjwa huigiza nafuu hiyo ili asiwavunje moyo.

Mwisho, niseme kuhusu mashine kuletwa hapa kwetu, kwa maana najua mtaniuliza. Naiunga mkono, na sababu yangu ni ya kihesabu. Tiba inayotaka mtu aje siku 5 kwa wiki haifai kuwa mbali naye. Daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limemrahisishia mtu wa Sengerema kuja mjini asubuhi na kurudi jioni; mtu wa Ukerewe bado atahitaji kupanga chumba, lakini kupanga Mwanza si sawa na kupanga Mumbai. Tena, mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Kanada wenye wagonjwa 414 ulioonyesha kwamba mpangilio mpya wa mapigo wa dakika 3 haupitwi kwa manufaa na ule wa dakika 37 na nusu. Chukueni siku ya kazi ya saa 8: kwa utaratibu wa zamani, pamoja na kumweka na kumwondoa mgonjwa, kiti kimoja huhudumia watu 8 au 9, kwa ule mpya, hata tukimpa kila mtu robo saa nzima, ni watu 32. Mashine moja yenye umeme wa uhakika, wauguzi wawili waliofundishwa na daktari mmoja ingeweza kuhudumia sehemu kubwa ya kanda.

Lakini tukiwadai viongozi wetu, tudai kwa mpangilio. Kwanza fluoksetini isiishe kwenye zahanati. Kisha kipimo cha tezi kipatikane bila mgonjwa kusafiri, washauri wapatikane wilayani, na tiba ya mshtuko itolewe pamoja na dawa ya usingizi kila inapohitajika. Sumaku ifuate hapo, ikiwahudumia wale ambao mambo hayo manne hayakuwatosha. Ikija kabla yao, itajaa watu ambao walihitaji vidonge viwili zaidi kwa siku.

Nimemaliza upande wangu. Sasa napokea maswali, nikianza na mama yule aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kifafa.